Mawe ya Uani kwa Mwalimu Sanga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kuniacha, na leo umeiamsha wewe na picha zako za simu. Umekaa mbele yangu hapa Xiaobei, mvua ya Guangzhou inapiga dirisha la mgahawa, chai yako inapoa, nawe unanionyesha marumaru: hii nyeusi, hii ya rangi ya maziwa, hii inang'aa utadhani imemwagiwa maji. Unasema kuna familia huko Njombe wanataka kusakafia ua wao, na wewe umeshawachagulia. Sikukukatiza. Nilikuwa nasubiri uniambie huko Njombe baridi yao ikoje, hukuniambia. Basi weka hiyo simu pembeni unisikilize mzee wako. Habari yenyewe si ya kufurahisha, na sitaipamba.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Wakati huo Waswahili hapa tulikuwa wachache, tunajuana kwa majina na kwa vyumba vya hoteli. Nilitoka Temeke na begi moja, nikaanza na bidhaa za maduka ya jumla ya mtaa wa Yide Lu, midoli na madaftari, nachanganya mzigo napeleka Dar. Baadaye nikaingia kwenye marumaru. Nisikufiche, niliingia kwa sababu ya sifa. Ukileta midoli watu wanakuita yule wa midoli, ukileta marumaru wanakuita bosi. Na mimi nilitaka sana kuitwa bosi.

Temeke nilikuwa na jirani mmoja, dada anaitwa Neema, mtu wa Makete, huko huko Njombe. Baba yake, Mwalimu Sanga, alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi na kurudi kijijini kwao, kule juu kabisa milimani. Mke wake, mama yake Neema, alikuwa amepata kiharusi. Alipona, lakini mguu wa kushoto ukawa mzito, anatembea na mkongojo. Sasa nyumba za kule, mwanangu, jiko liko nje, mbali kidogo na nyumba kubwa, na katikati ni ua. Na Makete mvua ikianza haimalizi. Ule ua ulikuwa tope tupu. Mama akitaka kwenda jikoni kwake lazima ashikwe mkono na mtu, kama hakuna mtu anakaa ndani anaangalia ukuta. Mwanamke aliyepikia watoto saba, leo anaomba ruhusa kwenda kuona moto wake. Mwalimu akaamua kiinua mgongo chake kiende kwenye ua. Alitaka mke wake atembee mwenyewe.

Akaniandikia barua, Neema akampa mtu aliyekuwa anapanda ndege kuja huku. Mwandiko wa mwalimu, umenyooka, kila herufi imekaa mahali pake. Aliandika hivi: naomba mawe au marumaru ambayo hayatelezi yakilowa, na ambayo hayapasuki kwa sakitu. Akaeleza na sakitu ni nini, maana alijua anamwandikia mtu wa pwani. Akasema huku kwetu kuanzia mwezi wa sita umande unaganda asubuhi, unakuwa mweupe kama chumvi, na maji yaliyoingia kwenye tofali yanaganda humo humo ndani na kulipasua.

Barua hiyo niliisoma nimekaa kitandani hotelini, feni inanipulizia joto, shati limenigandia mgongoni. Nikacheka. Wallahi nilicheka. Nikajisemea, watu wa bara nao kwa kukuza mambo. Barafu Tanzania, labda juu ya Kilimanjaro. Mimi nimezaliwa pale, nimekulia pale, sijaona barafu isipokuwa ya kwenye chupa ya soda. Nikaikunja barua nikaitia kwenye begi.

Hapa hapa Xiaobei kulikuwa na mama mmoja wa Unguja, Bi Zuhura, Mungu amrehemu. Mfupi, mkali, buibui lake halikosi vumbi la viwandani. Ndiye aliyekuwa ametutangulia wote katika mambo ya marumaru na mawe. Yeye alikuwa na tabia moja iliyotuaibisha sisi vijana. Akifika kiwandani anachukua marumaru, anaigeuza upande wa nyuma ambao haujapakwa rangi, anapitisha ulimi. Mbele ya Wachina, mbele ya kila mtu. Ulimi ukinata, anairudisha. Ukiteleza, anaiweka kando aiulizie bei. Maana inayonata ulimi inakunywa maji, na inayokunywa maji si ya nje. Wafanyakazi wakimwona wanaitana waje kumwangalia. Sisi tukimwona tunajifanya hatukuja naye.

Nilimweleza habari za Makete kwa kupita tu, nikitaka acheke na mimi. Hakucheka. Akaniuliza, "Barua iko wapi?" Nikampa. Akaisoma yote, polepole, akairudia mara ya pili.

"Kijana, huyu mtu kakufanyia kazi yako yote," akasema. "Kakwambia panateleza wapi na panapasuka kwa nini. Wewe huna la kufikiri tena, una la kutii."

Akanipa maagizo. Nikachukue sampuli mbili tatu, nizilaze kwenye ndoo ya maji siku nzima, kisha nizipeleke kwa yule Mchina Muislamu wa kichochoroni nyuma ya barabara ya Huanshi, mwenye mgahawa wa tambi na nyama ya kondoo, rafiki yake, aniwekee ndani ya friza. Zikiganda nizitoe, zikiyeyuka nizirudishe majini, halafu friza tena. Siku kumi hivyo hivyo. Itakayobaki nzima siku ya kumi, hiyo ndiyo ya Makete.

Siku kumi, mwanangu. Na mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye kontena la kushirikiana na watu wanne, na wakala wa mizigo alikuwa anatuhimiza, wiki hiyo hiyo linafungwa. Nikaenda kiwandani peke yangu, nje ya mji, mwendo wa saa nzima na zaidi. Nikaziona marumaru zenyewe. Za rangi ya maziwa, zina mishipa ya dhahabu, ukiinama unajiona uso. Pembeni kulikuwa na mawe ya granaiti, ya kijivu, uso wake umechomwa kwa moto ukawa mkwaruzo mkwaruzo. Nikayaangalia yale mawe nikaona ni ya makaburini. Nikawaza, nikimpelekea mwalimu haya, kijiji kizima kitasema bosi wa China kaleta mawe ya mtoni.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Yule laoban, mwenye kiwanda, alikuwa mzee kidogo, hajui Kiswahili wala Kiingereza, na Kichina changu kilikuwa cha kuulizia bei tu. Nilipomwonyesha kwa mikono kwamba nataka za kuweka nje, alitikisa kichwa. Akachukua kalamu akachora nyumba kwenye kipande cha boksi. Akachora paa. Chini ya paa akachora ile marumaru, akaweka alama ya ndiyo. Nje ya paa akachora mvua, akaweka alama ya kosa, mkasi mkubwa. Kisha akaninyooshea kidole kule kwenye granaiti. Nilimwelewa vizuri sana. Mtoto mdogo angemwelewa. Nikamwambia mei wenti, hakuna tatizo, nikamlipa, akaguna akaniandikia risiti.

Ulimi sikupitisha. Niliona aibu.

Sampuli moja niliiweka majini kweli, nikaipeleka kwenye friza ya yule bwana wa kondoo, sijui nilikuwa namridhisha nani. Siku ya tatu nilipoitoa, pembeni imeruka ganda dogo, upana wa ukucha. Nikajiambia imegongana na mifupa ya kondoo. Nikaitupa kwenye pipa la takataka hapo hapo kichochoroni. Jioni Bi Zuhura akaniuliza, imekuwaje? Nikamwambia, "Nzima, Bi Zuhura. Nzima kabisa."

Akaniangalia. Akasema, "Haya." Akaendelea na hesabu zake.

Marumaru zilifika Makete mwezi wa kwanza. Neema alinipigia simu kunishukuru, anasema kijiji kizima kimekwenda kuziangalia, kuna watu wamevua viatu ndipo wakakanyaga. Nikavimba kichwa wiki nzima. Oda tatu zilikuja kwa ajili ya ua ule. Nilijiona nimefika.

Mwezi wa saba nilikuwa nyumbani Dar. Neema akaja kwangu, akanisalimia, akakaa. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Alisema tu, "Mama kaanguka, kavunjika nyonga. Baba anasema ukipata nafasi upande ukamsalimie." Nikamwuliza kaangukia wapi. Akasema, "Uani."

Nikapanda basi. Kutoka Njombe barabara inapanda tu, na kila tukipanda nafungua begi natoa nguo navaa juu ya nguo. Nilifika jioni nikalazwa na mablanketi manne. Asubuhi mwalimu akaniamsha, akaniambia njoo uone. Akafungua mlango wa nyuma.

Ua wote ulikuwa mweupe. Nikadhani wamemwaga unga. Nikainama nikagusa, kidole kikauma kwa baridi. Sakitu ile, mwanangu, ile niliyoichekea kitandani. Na chini yake marumaru zangu zilikuwa zimekatika katika, ule uso wa maziwa na dhahabu umebanduka mabamba mabamba, umeacha udongo mwekundu unaomomonyoka. Zilizobaki nzima ndizo zilikuwa mbaya zaidi, maana sakitu ikikaa juu ya kitu kinachong'aa hata mbuzi hasimami. Mwalimu alikuwa ametandika magunia na nyasi kutoka mlangoni mpaka jikoni, lakini alitandika baada ya mama kuanguka.

Nikasema, "Shikamoo, mwalimu," kana kwamba ndiyo kwanza namwona.

"Marahaba," akajibu. Kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ya darasani. "Barua yangu ilikufikia?"

"Ilinifikia."

"Yote?"

"Yote, mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa. Kama angenitukana ningelala usingizi baadaye. Alifunga mlango ili baridi isiingie ndani, akaniongoza chumbani kwa mke wake.

Mama alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mdogo ndani ya mablanketi. Akanitazama sana. "Wewe ndiye wa China?" akasema. "Nilidhani mtu mzima. Kumbe mtoto." Akataka nikae kitandani karibu naye. Akanishika mkono akanieleza, taratibu, kwa sababu mdomo nao ulikuwa haujanyooka vizuri, kwamba miezi mitano alikuwa anakwenda jikoni peke yake. Anachagua kuni mwenyewe. Anaonja mboga mwenyewe, anamfokea mkwe wake mwenyewe. "Miezi mitano nilikuwa na nyumba," akasema. Ananishukuru, unaona. Na mimi nimekaa pale nimeinamisha kichwa, natamani anipige na ule mkongojo.

Nikamwahidi mwalimu nitaleta mawe mengine, kwa gharama yangu. Nikarudi huku. Nikamfuata Bi Zuhura mgahawani, nikamweleza yote, na ganda la kwenye friza, na pipa, na uongo wangu. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho akaniambia:

"Mimi hukunidanganya, nilijua siku ile ile. Friza nilikwambia siku kumi, wewe ukaniletea jibu siku ya tatu. Na mimi nikanyamaza, nikasema kijana ataona mwenyewe. Nikasahau kwamba si wewe utakayepita pale. Mungu anisamehe na mimi." Akavuta buibui lake akasimama. "Twende kiwandani."

Tukaenda. Yule laoban alinikumbuka. Nililamba mawe siku hiyo, mwanangu, moja baada ya jingine, wafanyakazi wamejipanga wanacheka, sikujali. Tukachukua sampuli ya granaiti ya uso wa kuchomwa, nene, nzito, ukipitisha kiganja inakukwaruza. Tukaiweka kwenye friza ya kondoo siku kumi, na mimi nikaongeza kumi nyingine juu yake. Haikutoa hata vumbi.

Lakini fedha za mawe yale nilizitafuta muda mrefu. Yalifika Makete mwaka uliofuata, mwezi wa tano. Mwalimu akayapanga kando ya ukuta, hakuyalaza. Neema aliniambia kwa nini. Mzee alisema asubiri mama apate nguvu ya kukaa kwenye kiti mlangoni, aelekeze mwenyewe njia ipite wapi, maana jiko ni lake. Nyonga haikuunga. Kila wiki wanasema wiki ijayo.

Mwezi wa saba mama akafariki. Nilikuwa Dar, nikapanda na Neema usiku na mchana. Tulipofika, nikakuta vijana wa kijijini wako uani wamepiga magoti. Wameng'oa marumaru zote, wamemwaga kokoto na mchanga, wameweka na mwinamo kidogo maji yasikae, wanalaza granaiti. Wazee walikuwa wameamua hivyo. Jeneza lilitakiwa litoke asubuhi kwenda kanisani, lipite uani, kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa mwembamba, na sakitu ilikuwa inaanguka kila siku. Waliogopa wabebaji watateleza.

Nikavua koti nikaingia kazini. Hawakunijua. Nikawa nachukua jiwe ukutani, naleta, nampa kijana mmoja mrefu aliyekuwa analaza. Mikono ilikuwa inawaka kwa baridi. Yeye akawa anazungumza huku anagonga jiwe likae sawa. Akaonyesha lundo la vipande vya rangi ya maziwa pale pembeni, akasema, "Sijui aliyemletea mama haya alikuwa na roho gani." Nikaenda ukutani, nikachukua jiwe jingine, nikamletea.

Asubuhi ua ulikuwa mweupe tena. Wanaume sita walimtoa mama, wamevaa viatu vya kanisani vyenye soli laini. Mimi nilisimama kando ya jiko, natazama miguu yao tu. Walikanyaga sakitu, walikanyaga mawe yangu, hatua kwa hatua mpaka barabarani, na hakuna aliyeteleza hata kidogo. Mawe yalikuwa mazuri sana. Mwalimu alipita nyuma yao. Alisimama katikati ya ua, akasugua jiwe kwa ncha ya kiatu, akaniangalia, akasema, "Haya ndiyo niliyoyaandika." Kisha akafuata jeneza.

Nimemaliza. Kunywa chai yako hata kama imepoa.

Sasa nakuusia. Usimchagulie mtu kitu cha kukanyaga kwa macho yako, wala kwa hali ya hewa ya mahali ulipokaa. Uliza huko kwao mvua inanyesha vipi, jua linachomoza saa ngapi uani, umande unaganda au haugandi, na nani atapita pale, ana miaka mingapi, ana mguu gani. Akikuandikia, soma mpaka mwisho. Akikutumia sauti, sikiliza mpaka mwisho, hata kama anarudia rudia, maana anayerudia ana hofu. Vitu vinavyong'aa viache ndani ya nyumba. Vya nje chukua kinachokwaruza kiganja na kisichokunywa maji, na kilazwe kwenye kokoto na mwinamo. Kilambe mbele ya watu. Kigandishe siku zote ulizoambiwa. Ukiona ganda limeruka, hata dogo vipi, sema limeruka, na kontena liondoke bila wewe. Kontena jingine lipo kila wiki, mwanangu. Mimi nimeona mengi yakiondoka.

Na ukishakosea, usisubiri upate fedha zote ndipo ukarekebishe. Nenda na nusu. Nenda na jiwe moja moja. Mimi nilisubiri.

Haya, kapige simu Njombe, ukawaulize. Mungu akupe masikio kabla hajakupa sifa, akupunguzie haraka, akuepushe na kushukuriwa na mtu uliyemuumiza. Na kila utakayemchagulia mahali pa kuweka mguu, apite akiwa hai, aende jikoni kwake na arudi. Amina.